Samaki wa Kioo: Jinsi Tulivyotunga Mchezo Wetu wa Kwanza



Watu wengi wametuuliza kwa sababu gani vijana watatu wazima walikaa miezi saba mbele ya kompyuta moja kuukuu, wakibishana juu ya samaki wasiolika. Twaona yafaa tuwasimulie habari yote, pamoja na makosa yetu, maana huenda kati yenu wako wenye hamu ya kuanza kazi kama hii.

Sisi tu watu wa Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville, kando ya ziwa Tanganyika. Mmoja wetu alisoma hesabu, wa pili huchora mabango ya maduka, wa tatu hutengeneza simu zilizoharibika. Hakuna hata mmoja aliyefundishwa kutunga michezo ya kompyuta. Tulicheza tu michezo ya wengine, mpaka jioni moja tukasema: «Walioitunga hii nao ni watu. Mbona sisi tusijaribu?»

Neno hilo lilikuwa la kweli. Mwaka 1958 mtaalamu wa fizikia William Higinbotham, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, alitaka kuwafurahisha wageni waliokuja kutazama kazi zao. Akatunga mchezo wa tenisi: mstari wa chini, wavu mfupi, na nukta ya nuru iliyoruka huku na huku. Hayo tu, nao wageni wakapanga foleni. Mwaka 1972 Allan Alcorn alipewa kazi ya kutengeneza mchezo wa namna hiyo ili ajizoeze tu. Ukaitwa Pong, ukajulikana duniani. Na hapa kwetu Afrika, vijana wa Kiro'o Games mjini Yaoundé, nchi ya Kameruni, walitoa mwaka 2016 mchezo uitwao Aurion, wenye hadithi iliyochota katika mila za Kiafrika.

Lakini sisi tulisahau jambo moja: kwamba nukta ile ya nuru ilitangulia. Tulitaka kuanza na mji mzima, wenye soko, bandari, gari la moshi na watu arobaini wanaosema. Tuliandika daftari mbili za mipango. Baada ya miezi miwili tulikuwa na mlango mmoja uliofunguka, na mtu mmoja asiyeweza kuupita. Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana kila mmoja alifikiri moyoni kwamba wenzake ndio waliokosea.

Ndipo yule wa simu akasema: «Tuache mji. Tuvue ndakala tu.» Kila mtu wa pwani yetu ajua kazi hiyo. Usiku wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, kisha wavu huvutwa kutoka chini. Basi tukapatana: mtumbwi mmoja, taa moja, wavu mmoja, na usiku wa sekunde 60.

Tulitumia programu iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na watu wa chuo cha MIT huko Marekani. Hailipiwi, na ukiisha kuiweka katika kompyuta yafanya kazi hata pasipo intaneti. Amri zake ni vipande vya rangi vinavyoshikana kama vipande vya fumbo: «nenda hatua 10», «ukigusa kitu fulani», «rudia daima». Kioo chake kina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360, na katikati ndiyo sifuri. Mwenye kujua kuhesabu kushoto na kulia, juu na chini, aweza kuanza.

Kuanza ni rahisi. Kumaliza ndiyo kazi. Siku ya kwanza ya kuvuta wavu, samaki wengine waliponyoka ingawa tuliona wazi kwamba wavu umewapitia. Tulitafuta kosa siku nne. Yule wa hesabu ndiye aliyeligundua. Kompyuta haivuti wavu kama mkono wa mtu uvutavyo. Huuchora mahali pamoja, halafu mahali pengine, mara 30 kwa sekunde. Sisi tuliuamuru wavu upande hatua 30 kila mara, nao ulikuwa na unene wa hatua 10 tu, na samaki hatua 8. Basi haukupita, uliruka. Katika samaki watano, wawili walikuwa mahali wavu usipokanyaga kamwe. Tulipoupunguza uende hatua 10, hakuna aliyeponyoka tena. Haraka haraka haina baraka: methali hii tuliisikia tangu utoto, lakini siku ile tuliiona kwa macho.

Kosa jingine lilikuwa baya zaidi, kwa sababu halikuwa la kompyuta. Mwenzetu mchoraji alikuwa amechora mtumbwi kwa kalamu za rangi, kazi ya usiku tatu. Tulipoupiga picha na kuupunguza ili uingie katika kioo, ulionekana kama doa la matope. Sisi wawili, bila kumwambia, tukaufuta, tukaweka mtumbwi wa mistari minne tuliouchora wenyewe. Alipokuja hakutukana. Alitazama, akachukua kofia yake, akaenda, na kwa majuma mawili hatukumwona.

Tulijitetea kwa maneno mengi: mtumbwi wake haukufaa, kazi ilikuwa inachelewa. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakutosha. Mwishowe tulikwenda nyumbani kwake, tukamwambia: «Tumekukosea. Tulipaswa kukuonyesha kwanza.» Akatusikiliza hata mwisho, akajibu: «Mngenionyesha, ningeufuta mwenyewe.» Kesho yake akarudi, akachora mtumbwi mpya, mdogo sana, tena wenye sura ya mtumbwi kweli. Tangu siku ile tumeweka sheria: hakuna afutaye kazi ya mwenziwe asipokuwapo. Tuliweka na sheria ya pili, baada ya umeme kukatika na kutunyang'anya kazi ya siku nzima: kila baada ya robo saa, hifadhi.

Basi katika mwezi wa sita mchezo ulikwisha, au ndivyo tulivyodhani. Tuliwaita watoto wa jirani, wakafurahi kwa dakika kumi, wakachoka. Taa, wavu, samaki. Taa, wavu, samaki. Hatukujua kilichopungua.

Baba wa mmoja wetu alikuwa mvuvi. Miaka kadhaa iliyopita dhoruba ilivunja mtumbwi wake na kuchukua nyavu zake, naye akaacha ziwa, wala hakupenda tena kulisimulia. Kazi yetu aliiita mchezo wa watoto wenye ndevu. Jioni hiyo alipita nyuma yetu, akasimama. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema: «Mwezi wenu uko wapi?»

Hatukuelewa. Akavuta kiti. «Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga. Ndakala waifuate taa yako kwa nini? Usiku wa namna hiyo mvuvi mwenye akili hulala, hushona nyavu.» Alisema mpaka usiku mkubwa, mambo ambayo mwanawe hakuyasikia kamwe kutoka kinywani mwake.

Tulitia mwezi. Sasa kila usiku wa mchezo mwezi hukua, samaki hupungua, na mchezaji hana budi kuchagua: aende apate kidogo, ama abaki atengeneze wavu wake. Watoto wale wale walirudi, wakacheza mpaka wakaitwa kula.

Mzee akaja tena. «Na upepo wa kiangazi, ule wa kusini?» Tukauweka pia. Tulipomwuliza mtumbwi ukipinduka iweje, tulikuwa tumekwisha andika maneno makubwa mekundu ya kumwambia mchezaji kwamba amekufa. Akayasoma, akatikisa kichwa. «Futeni hayo. Samaki wapotee, wavu upotee. Watu warudi nyumbani.»

Tulifuta. Ndivyo mchezo wetu ulivyo hata leo: dhoruba ikija, mvuvi hupoteza vyote, naye hufika pwani akitembea, na asubuhi huanza upya na wavu mmoja mdogo.

Mchezo huu haukutuletea fedha, na wenye ufundi wataona kasoro zake upesi. Lakini kama mmoja wenu ataka kuanza, twamwambia haya: anza na kitu kidogo unachokijua tangu utoto; maliza hicho kwanza; usifute kazi ya mwenzako gizani; na umwite mzee aketi mbele ya kioo, hata kama hajui kitufe gani cha kubonyeza. Baba yule hajui bado. Yeye husema tu, «Kushoto, kushoto, ngoja,» na sisi ndio tunaobonyeza.