Gesi ya Kiyoyozi Huenda Wapi?

Mwenye gari kuukuu anayeishi Ibanda, chini ya Milima ya Rwenzori, aweza kukaa miezi mingi asitambue kwamba kiyoyozi cha gari lake kimekufa. Ubaridi wa mlimani humtosha. Ni pale ateremkapo Kasese, akaendelea kusini hadi Kikorongo jirani na Ikweta, kisha akakata kulia kuelekea Bwera, ndipo joto la bonde humkumbusha. Akifungua madirisha, vumbi huingia; akiyafunga, watoto hulowa jasho na mtoto mchanga hulia njia nzima.

Mathalani askari mwenye Corolla ya mwaka 1990. Fundi humjazia gesi, naye hufurahia baridi kwa majuma matatu. Joto likirudi, hujaza tena. Mara ya tatu fedha hutoka katika fungu la karo, na hapo mkewe huuliza swali ambalo fundi hakuliuliza: "Baba watoto, gesi hiyo huenda wapi?"

Mama huyo amegusa kiini cha jambo. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza ikawa maji, kisha hupanuka katika kipozeo kilicho nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la ndani ya gari. Ikipungua upesi, imevuja. Anayejaza bila kutafuta tundu anauza gesi, hatengenezi gari.

Kulitafuta si kazi ya miujiza. Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, kwa hiyo kiungo kinachovuja mara nyingi huwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Povu la sabuni huonyesha mapovu yakichomoza. Kondensa nayo ichunguzwe sana, kwani hupigwa na mawe ya barabarani.

Gari la umri huo lina shida nyingine. Liliundwa kutumia gesi ya R-12, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianzisha safari ya kuiondoa, na nchi zinazoendelea zilipangiwa kuacha kuitumia ifikapo 2010. Magari ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990 yalikuja na R-134a. Kubadili kunawezekana, lakini si kumimina hii juu ya ile. Gesi ya zamani hukusanywa katika mtungi, wala haiachiwi hewani. Mafuta ya kompresa hubadilishwa, kwa kuwa yale ya awali hayachanganyiki na gesi mpya. Mipira ya viungo na kikausha unyevu huwekwa vipya. Kisha pampu hunyonya hewa na unyevu kwa muda usiopungua nusu saa, na gesi mpya hujazwa kwa kupimwa, kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa ile ya kwanza. Kujaza zaidi hakuongezi baridi. Hupandisha shinikizo tu.

Mwenye akiba kidogo na atake kuboresha, aanzie mbele ya gari. Kondensa ya kisasa yenye mifereji mingi midogo, pamoja na feni ya umeme iliyo nzima, husaidia sana wakati gari linapanda polepole kurudi Ibanda likiwa limesheheni, maana upepo wa mwendo huwa hautoshi.

Lipo jambo moja la kukataa katakata: gesi ya kupikia. Wapo wanaosema inapoza, na ni kweli inapoza. Lakini kiyoyozi cha gari hilo hakikuundwa kwa gesi iwakayo, na kipozeo kimo ndani, karibu na miguu ya mama na watoto. Kikivuja madirisha yakiwa yamefungwa, cheche moja yatosha.

Ikiwa kompresa imesagika na kumwaga chembe za chuma katika mabomba yote, gharama hupanda mno, kwa kuwa kondensa na kikausha huenda navyo. Katika hali hiyo ni halali kabisa kuahirisha. Mkanda wa kompresa utolewe, iwapo hauzungushi kitu kingine, na fedha zitazame kwanza breki, kwa ajili ya ule mteremko wa kutoka Ibanda.