Malkia wa Andes

Katika milima ya Peru na Bolivia, juu ya mita 3,000, huota Puya raimondii, mmea wa ukoo mmoja na nanasi letu. Kwa miongo mingi huonyesha majani yenye miiba tu. Baadhi ya wachunga mifugo huuchoma, maana kondoo hunaswa humo. Uliosalimika huchanua mara moja: shina lake lenye maelfu ya maua hukaribia mita 10, hutoa mamilioni ya mbegu, kisha hufa. Auchomaye mapema huteketeza pia mbegu hizo zote. Ndugu vijana, tukimwona mwenzetu ambaye hadi leo twajua miiba yake tu, tusifanye haraka ya kuwasha kiberiti.