Ubavu wa Tairi

Tairi lilikuwa na wiki chache tu tangu litoke dukani, na meno yake yalikuwa hayajalika hata kidogo. Mpasuko ulikuwa ubavuni, urefu wa kidole, na nyuzi za ndani zimechungulia nje. Kijana mwenye baiskeli ya gia alimwamkia mzee fundi, kisha akalalamika kwamba aliuziwa likiitwa tairi la milimani. "Marahaba, mjukuu wangu," mzee akajibu huku akilikunja mikononi. "Meno ni ya kushika njia. Jiwe la hapa halina habari na meno, linakula ubavu."

Kijana alishangaa, na mshangao huo unauma. Hale ya miaka ya 1970 haikuwa na mtoto wa shule asiyejua jambo hilo.

Mji wenyewe uko kando ya barabara ya Segera kwenda Tanga, pale Mto Pangani unapoporomoka kwenye miamba; maporomoko hayo ndiyo yaliyoleta kituo cha umeme cha megawati 21. Mawe ya huku ni ya kale mno, yamejaa kwatzi, na yakipasuka yanaacha kingo kali kama za chupa iliyovunjika. Ukiacha lami, njia zinapita katikati ya mashamba ya mkonge, na jani la mkonge lina mwiba mgumu nchani. Ukielekea Handeni, nyika inakupokea kwa miiba ya migunga. Mwendesha baiskeli wa Hale ana maadui wa namna mbili, na hapo ndipo elimu yote ya matairi inapoanzia: mwiba hutoboa, jiwe hukata. Tundu la mwiba linazibwa kwa kiraka. Ubavu uliokatwa ni hasara.

Kibanda cha fundi huyo mzee, miaka ile ya 1970, kilikuwa chini ya mwembe. Wengine husema alikifungua mwaka kituo cha umeme kilipoanza kazi, yaani 1964. Wengine wanashikilia kuwa ni baadaye kidogo. Haidhuru. Kinachokumbukwa na wote ni harufu. Kulikuwa na ukali wa sulusheni uliopanda puani, kulikuwa na mpira ulioungua alipokuwa akichoma pancha, na juu ya hayo yote, upepo ukigeuka, uchachu wa mabaki ya mkonge kutoka korona, kiwanda cha kusindika mkonge. Mtu aliyekulia hapo, akisikia sulusheni popote alipo, humwona fundi amechuchumaa mbele ya karai la maji, anazungusha tyubu taratibu akisaka mapovu.

Wateja wake walikuwa wakata mkonge waliokuja enzi za manamba wakabaki, walimu, wachuuzi wa machungwa ya Muheza. Baiskeli zilikuwa Raleigh, Phoenix, na baadaye Swala ya kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam. Karibu zote zilivaa tairi la inchi 28 kwa 1½, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka na kipimo. Walichokichagua ni ubora, na hapo fundi alikuwa mkali. Hakumruhusu mtu kununua tairi kwa kuliangalia. Alilibana ubavu kwa kidole gumba: likibonyea upesi, alilirudisha. Alilikunja ndani nje akatazama nyuzi, kama ziko sawasawa na mpira umezifunika kote. Mwisho alilinusa. Tairi la mpira duni lilinuka lami, naye alilisukuma pembeni bila kusema neno.

Hata hivyo, tairi likishakatwa hakulitupa. Alikata kipande cha tairi kuukuu, akakipachika kwa ndani, akashona mpasuko kwa uzi wa nailoni. Tairi la namna hiyo liliweza kubeba gunia la machungwa miezi mingi zaidi.

Ndipo zikaja baiskeli za mtumba, zikaja za gia, na vipimo vikavurugika. Inchi 28 ya zamani hukaa kwenye ringi ya milimita 635. Inchi 26 ya baiskeli za milimani ni 559, na inchi 29 ni 622, ambayo watu huidhania kuwa ndogo au kubwa kuliko ile 28 kulingana na muuzaji aliyewaeleza. Tarakimu hizo zimechapwa ubavuni, mfano 54-559: ya kwanza upana, ya pili kipenyo cha ringi. Wauzaji wengi hawazisomi. Kisha bodaboda zikafuta safari nyingi za baiskeli, na mafundi wakahamia kwenye pikipiki.

Kinachokera ni kwamba matairi mazuri yapo duniani kuliko wakati wowote, ila yanayofika vijijini ni yale mepesi yenye meno ya kupendeza. Tairi la mawe makali linatakiwa liwe na kitambaa kizito: lenye nyuzi 60 kwa inchi, na mpira mnene juu yake, huvumilia mikato kuliko lile laini la nyuzi 120, ingawa ni zito. Bora zaidi ni lenye tabaka la nailoni linalopanda mpaka ubavuni. Tabaka lililo chini ya meno pekee huzuia mwiba, jiwe halilizuii. Upana wa inchi 2.2 au zaidi unasaidia, kwa kuwa upepo unaweza kupunguzwa kidogo na tairi likajikunja juu ya jiwe. Ukipunguza mno, ringi inaibana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili pacha. Tairi gumu kabisa liende nyuma, kwenye mzigo.

Matairi yasiyo na tyubu, yenye dawa ya maji ndani, hujiziba yenyewe mwiba ukiingia, na kwa nyika ya Handeni ni msaada mkubwa. Lakini dawa hiyo hukauka baada ya miezi michache, upesi zaidi kwenye joto, na mpasuko mrefu wa ubavuni haiuzibi. Anayeyatumia Hale bado anahitaji kubeba tyubu ya akiba, kipande cha tairi kuukuu, sindano na uzi wa nailoni.