Siku Mbili Katika Delta ya Rufiji, na Paka Kikapuni

Ijumaa ile, baada ya swala, mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa. Nikatoa uamuzi wangu kama mkuu wa nyumba: paka atafungiwa jikoni na mabakuli mawili, moja la maji na moja la dagaa, nasi tutarejea Jumapili jioni. Jirani aliyezoea kumtunza alikuwa amesafiri. Binti yetu, mwenye umri wa miaka tisa, hakulia. Aliniuliza tu: "Baba, yule mwanamke wa kwenye darsa alimfungia paka wake siku ngapi?"

Darsa hiyo niliisomesha mimi mwenyewe. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim: mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Hoja ya kujitetea nilikuwa nayo, kwani mimi nilikuwa nimeweka chakula. Lakini bakuli la maji hupinduka, na jiko letu lina joto la bati. Nilinyamaza. Mama yake akaleta kikapu cha ukili chenye kifuniko, na mjadala ukaishia hapo.

Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu. Kondakta alikitazama kikapu, akasema, "Ustadhi, huyo akianza kelele mtashuka naye." Barabara ya Kilwa ikatupitisha Mkuranga, kisha Bungu, ambako njia ya kwenda Nyamisati inachepuka kuelekea baharini. Hatukushuka hapo, kwa kuwa nilikuwa na misahafu ya kuikabidhi msikiti mmoja wa Kibiti mjini. Tulifika jua limekwisha kuzama, tukakusanya Magharibi na Isha, na Isha tukaifupisha kwa rakaa mbili, kama sheria ilivyomrahisishia msafiri.

Mtihani ukaja kwenye nyumba ya wageni. "Shekhe, wewe karibu, mama karibu, watoto karibu," alisema dada wa mapokezi. "Mnyama hapana. Mashuka haya nafua mimi." Sikuweza kumlaumu. Zipo nchi ambazo baadhi ya hoteli za ufukweni humtangazia mgeni kwamba mnyama wake anakaribishwa, na humtoza ada yake. Sisi tulisimama barazani usiku, na mtoto amekikumbatia kikapu chake. Nilijutia kuja naye, na nilijutia zaidi kwamba binti yangu alikuwa akinisoma usoni.

Katibu mwenzangu wa msikiti ule alipopata habari alicheka, akatupeleka nyumbani kwake. Asubuhi akatusindikiza hadi Nyamisati, kwa wazazi wa mkewe, ambao ni wakulima wa mpunga.

Msomaji ambaye hajafika Nyamisati ajue kwamba hapo ndipo wasafiri wengi wa Mafia hupandia chombo. Mbele yake ni delta, mahali ambapo Mto Rufiji hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Msitu wake wa mikoko ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za huku zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, zikaezeka nyumba za watu ambao hawakuwahi kuiona Rufiji. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mzee wetu alitupandisha mtumbwini maji yalipojaa, kwani yakipwa vijito vingi hubaki tope. Aliwaonyesha watoto mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, na mchu unaochomoza vidole vyake matopeni. Akawasimulia pia habari za manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya delta hii mpaka Waingereza walipoishambulia na kuimaliza tarehe 11 Julai 1915. Mwanangu wa kiume akauliza ilijificha vipi na ukubwa wote ule. "Mikoko huficha, mjukuu wangu," akajibiwa. "Haimuulizi mtu dini wala nchi."

Tuliporudi, bibi alikuwa ametuwekea ndoo ya maji ya udhu. Paka, aliyekwisha kutoka kikapuni, akatangulia kunywa. Kwa haya nikainyanyua ndoo niyamwage.

"Usimwage, mwanangu," bibi alisema. "Maji matamu huku hayamwagwi." Kisha akaiinamisha ndoo kidogo, paka ayafikie vizuri.

Nikamkumbuka Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu huku mkwewe, Kabsha, akimtazama kwa mshangao. Akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Mimi niliisoma hadithi hiyo chuoni, nikaijibia mtihani. Bibi aliitenda bila kutaja kitabu. Nilitawadha kwa maji yale yale.

Usiku tulilala kwenye mkeka, karibu na magunia ya mpunga, na paka akakesha akiwinda. Alfajiri bibi alimwonyesha binti yangu panya wawili mlangoni, akasema, "Mgeni wako amekwisha kulipa malazi."

Kwa mwenye kutaka kusafiri na paka, nashauri mambo matatu: uliza mapema kama mahali pa kulala watamkubali, chukua kikapu kinachopitisha hewa, na mpe maji kila mnaposimama. Mbwa ana hukumu zake katika fiqhi, naye si mada ya leo. Na kama huwezi kusafiri na mnyama wako, mtafutie mtu wa kumtunza kabla hujafunga mizigo. Aliyefungiwa hana ulimi wa kukukumbusha, na si kila nyumba ina mtoto wa kuuliza swali.

Allah atujaalie kuyatenda tunayowasomesha wengine. Amin.