Njia ya Mirama Hills na Kodi ya Mbelgiji

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Rwanda kwa njia ya Mirama Hills hupita Ntungamo, kisha husafiri kilomita 37 hivi hadi mpakani. Nchi ile ni ya vilima vya nyasi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Ng'ambo ni Kagitumba, katika ardhi ya Rwanda, ambako mto wa jina hilo huingia Kagera, na nchi tatu hukutana: Uganda, Rwanda na Tanzania. Siku hizi hupita malori. Tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950 walipita waenda kwa miguu, maelfu kila mwaka, wakielekea Buganda.

Husemwa kuwa watu wale waliikimbia kodi. Neno hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Wabelgiji, waliotawala Ruanda-Urundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimdai kila mwanamume mzima kodi ya fedha taslimu, hali kazi za mshahara nchini mwake zilikuwa chache mno. Basi mtu alikwenda Buganda kuitafuta kodi yenyewe, akailime pamba ya mwenzake, kisha arudi kuilipa. Kodi ya namna hiyo humtoa mtu kwake na kumrudisha.

Lakini juu ya kodi palikuwa na mzigo mwingine. Palikuwa na ubuletwa, yaani kazi ya bure kwa chifu, ambao haukufutwa hadi 1949. Palikuwa na shokoa ya serikali ya kulima barabara. Na mwenye kuchelewa alionja kiboko. Kisha ikaja njaa ya Rwakayihura, 1928 hadi 1929. Mume akiondoka, mke alibaki na jembe na watoto, na kazi za bure za walioondoka ziliwaelemea waliosalia kijijini. Hao hawahesabiwi sana katika habari za safari hizi, nao ndio walioumia zaidi.

Wala Buganda haikuwa nchi isiyo na kodi. Mkataba wa 1900 ulitoza kila nyumba rupia 3, na baadaye ikaja kodi ya kichwa. Tofauti ilikuwa katika ardhi. Pamba ilikuwa imeanza kulimwa mwaka 1904, na wenye mashamba walihitaji mikono. Sheria ya 1927 ikaweka busuulu, malipo ya mpangaji kwa mwenye ardhi, kuwa shilingi 10 kwa mwaka, na mpangaji aliyelipa hakufukuzwa ovyo. Waganda waliwaita wageni wale abapakasi, neno litokanalo na wapagazi wetu wa Kiswahili. Lakini mpagazi aliyepata kibanja hakuwa na haraka tena ya kurudi.

Uganda yenyewe iliwahi kuona kodi tupu inavyofanya kazi. Hadi kodi ya kichwa iliposimamishwa mwaka 2005, wanaume wengi vijijini walilala vichakani wakati wa msako, au walijificha mjini kwa ndugu. Askari waliotumwa kuwasaka wanayajua hayo vizuri. Msako ulipopita, walirudi kwenye migomba yao.

Abapakasi wengi hawakurudi. Wajukuu wao wana majina ya Kiganda, na makaburi ya babu zao yamo katika vibanja vya Buddu na Kyaggwe.