Mdomo wa Bata Saa Tisa Usiku
Jamani, mimi na jazz hatukuwa marafiki kabisa. Kwetu Tanga hilo ni jina la bendi za dansi, zile kina Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magitaa na watu kukata kiuno. Kwa hiyo nilipopewa tiketi ya bure hapa High Point, North Carolina, nilienda kupiga picha za Insta nirudi zangu.

Wanaume wanne wa jimbo hilihili: saksafoni, piano, besi, dramu. Wanamuenzi John Coltrane, aliyekulia mji huu na kufariki 1967 akiwa na miaka 40 tu. Wakapiga A Love Supreme yote, sehemu zote nne. Ilipofika ya mwisho, mzee niliyekaa naye akaninong'oneza kwamba Coltrane aliandika sala, halafu badala ya kuisoma akaipuliza, neno kwa neno. Basi nikaanza kusikia mtu anaongea mle ndani.

Nikamkumbuka baba. Alikuwa anapuliza mdomo wa bata, akauuza nilipiwe ada. Hatujawahi kuliongelea. (Na shule yenyewe sikumaliza, tuyaache hayo.)

Nikampigia video. Kule ni saa tisa usiku, akapokea na msuli wake akidhani kuna msiba. Nikageuza simu jukwaani. Hakusema kitu. Nikaona vidole vyake vinabonyeza hewa, taratibu.

Simu ikazima chaji, yeye bado anabonyeza.