Chovai: Kisima Kinachokataa Sabuni

Msafiri atokaye Kismayuu kwa mashua, upepo wa kaskazi ukimsukuma kwa nyuma, hukipita kwanza kisiwa cha Koyama, ndipo akakiona Chovai. Akizidi kusonga mbele atafika Chula. Visiwa hivi vya Wabajuni vimejipanga sambamba na pwani ya kusini ya Somalia, navyo ni vya mawe ya matumbawe. Mvua inyeshapo, maji hayatuami. Hupenya jiweni na kwenda kukutana na bahari chini ya ardhi. Kwa hiyo maji ya kisima huwa na chumvichumvi na chokaa, na maji matamu hupimwa kwa kata. Wengi walivihama visiwa hivi na kukimbilia Kenya baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Waliobaki na waliorudi wangali wanateka maji yale yale.

Mimi sikuyajua hayo nilipoutoa mche wangu wa sabuni. Nilisugua kichwa mpaka mkono ukachoka. Povu halikutokea, nywele zilishikana kwa utando mweupe wenye kunata. Mama mwenye nyumba alinihurumia, akanitolea bakuli la unga wa kijani alioununua sokoni Kismayuu. Aliukoroga kwa maji ya kisima kile kile, akaniambia nijipake na kungoja kidogo. Nilipousuuza, utando wote ulitoka.

Unga huo Wasomali huuita qasil, na mti wake huuita gob. Ndugu msomaji, usidhani ni mti wa ajabu. Ni mkunazi, huu huu utuchomao miiba, ambao watoto huupiga mawe kwa ajili ya kunazi zake. Jani lake hung'aa juu na kuwa jeupe chini. Ndani yake mna saponini, kitu chenye kutoa povu na kung'oa mafuta. Sabuni ya kawaida ikikutana na chokaa ya majini huungana nayo ikawa utando usioyeyuka. Saponini haina ugomvi huo.

Aidha, mkunazi ni mpole. Katika kipimo kiitwacho pH, sabuni nyingi za mche hufika 9 au 10, ilhali ngozi ya mtu hukaa karibu na 5. Ndiyo maana uso hukakamaa baada ya kuoga. Kweli, iko sabuni ya mafuta ya nazi, itoayo povu hata katika maji ya bahari, na mabaharia waliipenda kwa sababu hiyo, lakini huikausha ngozi.

Akina mama watakao kuutengeneza nyumbani wachume majani yaliyokomaa, wayaanike kivulini, wayatwange na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi. Vijiko viwili vya unga huchanganywa na maji ya uvuguvugu hata uwe kama uji mzito. Jaribu kwanza ndani ya mkono. Usipowashwa, paka usoni au kichwani kwa dakika kumi, ukiyakinga macho, kwani huyachoma sana. Usiuache ukakauka kabisa. Askari aendaye kituo cha pwani aweza kuuchukua katika mfuko mdogo. Haumwagiki wala hauyeyuki kwa joto.

Wapo vijana wauogopao mkunazi kwa kuwa Waislamu wa pwani huutumia kuoshea maiti. Hofu hiyo mimi siielewi: kilichochaguliwa kwa heshima ya mwisho kitamdhuru nini aliye hai? Siku hizi unga huo hutiwa katika makopo na kuuzwa hata London na Minneapolis, kwa bei ambayo yule mama wa Chovai angeicheka.

Jioni ile alinipa pia kikombe kimoja cha maji ya mvua, nijimwagie mwisho. Nilikitumia nusu, nikamrudishia iliyobaki.